Uchu wa Sigara Katika Siku za Mwanzo: Uchambuzi Kutoka Masasi na Newala

Katika mambo yote yanayomkabili mtu aliyeazimu kuacha sigara hakuna lililo zito kuliko juma la kwanza, wala hakuna linaloelezwa kwa maneno machache na mepesi kuliko hilo. Mawaidha ya msikitini na ya kanisani humkumbusha kwamba mwili ni amana. Tabibu humwonya kwa habari ya mapafu, moyo na mishipa ya damu. Mkewe humhesabia fedha iliyoteketea. Na yote hayo ni kweli tupu, lakini yote ni majibu ya swali la kwa nini aache, ilhali yeye, saa nne ya asubuhi ya siku ya pili, akiwa amekaa chini ya mkorosho, vidole havitulii na fikira hazishikani, haulizi tena kwa nini, bali auliza afanye nini mpaka saa tano. Wataalamu waliofuatilia watu wanaoacha kwa nguvu zao wenyewe, bila ya dawa wala mshauri, wamekuta kwamba katika kila 100 ni 3 hadi 5 tu ambao baada ya nusu mwaka au zaidi hawajarudi, na kwamba walio wengi miongoni mwa waliorudi walirudi katika siku 8 za mwanzo. Hesabu hiyo huwavunja moyo watu wengine, lakini mimi naiona kuwa ni dalili njema, kwa sababu inatuonyesha mahali vita vilipo. Naamini kwamba wengi wanaoshindwa hawashindwi kwa uhaba wa ushujaa, bali kwa kuziingia siku hizo bila ya mpango. Na uchu wa sigara, ukitazamwa kwa utulivu, una tabia zake zinazojulikana, na kila chenye tabia zinazojulikana huweza kuwekewa mpango.

Tumbaku si mgeni wa jana katika kusini ya nchi yetu. Miongoni mwa kazi za Wamakonde zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya vimo vikopo vidogo vya kuwekea ugoro na dawa, ambavyo vifuniko vyake vimechongwa vichwa vya watu kwa ustadi wa kustaajabisha, na mtu hachongi kwa ustadi namna hiyo chombo cha kitu asichokithamini. Sigara ilikuja baadaye, nayo ikapata soko tayari. Leo, kutoka Masasi, mji uliolala kati ya majabali yake makubwa, mpaka Newala iliyoketi ukingoni mwa uwanda, pale Shimo la Mungu ambapo mtu husimama akaona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yake mpaka ng'ambo ya Msumbiji, hakuna stendi wala gulio lisilokuwa na kibanda chenye pakiti iliyokwisha kufunguliwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba watu wazima wapatao asilimia 9 katika Tanzania hutumia tumbaku kwa namna moja au nyingine, wanaume wakiwazidi wanawake kwa mbali. Idadi hiyo si kubwa ikilinganishwa na mataifa mengine, lakini kwa nchi ya watu wengi kama yetu ni mamilioni ya watu.

Naomba msomaji akitazame kibanda hicho kwa karibu, maana sehemu kubwa ya neno letu imo ndani yake. Pakiti imewekwa dirishani, mdomo wazi, na sigara huuzwa moja moja, kwa sarafu ambayo hata mtoto aliyetumwa chumvi hubaki nayo. Kando ya dirisha imening'inizwa kamba, na mwisho wa kamba pana kiberiti cha gesi, ili mnunuzi awashe papo hapo bila ya kubeba moto wake. Mtu aliyeacha, ambaye kwa bidii ametupa kiberiti na hana pakiti nyumbani, hukuta kwamba tahadhari zote alizosoma, za kutupa vyombo vya majivu na kuondoa akiba ndani ya nyumba, zimeandikwa kwa ajili ya watu wanaonunua pakiti wakaziweka sandukuni. Akiba yake yeye haimo nyumbani bali ipo njiani, kila baada ya hatua chache, pamoja na moto wake. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku imekataza kuwauzia walio chini ya umri wa miaka 18 na kuweka mipaka ya kuvuta mbele ya watu, na mwaka 2007 nchi yetu iliridhia mkataba wa dunia wa kupambana na tumbaku. Hayo ni mema, lakini sheria haitamtembeza mtu kutoka nyumbani kwake mpaka shambani. Njia ile ni juu yake yeye mwenyewe kuichagua, na kwa juma la kwanza njia ndefu isiyo na kibanda ni aula kuliko fupi yenye vitatu.

Sasa tuutazame mwili. Nikotini, ambayo ndiyo hasa inayomfunga mtu, ikivutwa kwa moshi hufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20, na kiasi chake katika damu hupungua nusu kila zinapopita saa 2 hivi. Ubongo wa mvutaji, kwa kuzoea kupokea wageni hao kila saa, huwazidishia vipokezi; na wageni wasipokuja vipokezi hivyo hubaki vitupu, na utupu huo ndio unaohisiwa kuwa ni uchu, hasira bila ya sababu, huzuni, njaa, usingizi wa mang'amung'amu na akili isiyotaka kutulia juu ya jambo moja. Adha hizo huanza siku ile ile, hufika kilele chake siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua taratibu katika majuma 2 hadi 4. Wengine hufunga choo, wengine hutokwa na vidonda vidogo mdomoni, wengine hukohoa zaidi kuliko walipokuwa wakivuta, wakadhani kwamba kuacha ndiko kulikowaletea maradhi. Yafaa mtu ayajue hayo kabla, kwa sababu hatari ya siku ya pili si maumivu yenyewe bali ni hesabu mbaya anayoifanya mtu: huona kwamba leo ni mbaya kuliko jana, akakata shauri kwamba kesho itakuwa mbaya kuliko leo na keshokutwa zaidi, kisha akasema maisha ya namna hiyo hayawezekani. Laiti angalijua kwamba amesimama kileleni, na kwamba kuanzia siku ya nne anateremka, angalivumilia.

Kwa watu wa uwandani nina neno moja la nyongeza. Katika Juni na Julai, asubuhi za Newala zina ukungu na baridi ya kweli, na mvutaji husema sigara humpasha moto. Hisia hiyo ni udanganyifu wa mwili, maana nikotini huibana mishipa midogo ya damu ya ngozi, na vidole vya mvutaji huzidi kupoa. Chai ya moto hufanya kazi anayoidhania sigara, ingawa hata juu ya chai nitakuwa na la kusema.

Uchu wenyewe una sura mbili, na kuzichanganya ni chanzo cha makosa mengi. Iko ile hali ya chini kwa chini, ya kutotulia, inayodumu siku nzima na kupungua kwa siku; na iko ile hamu kali ya ghafula, ambayo vijana huiita arosto, inayompanda mtu kwa dakika chache, aghalabu zisizofika kumi, kisha ikashuka yenyewe, avute asivute. Ya kwanza huletwa na upungufu wa nikotini. Ya pili, ingawa imejengwa juu ya ile ya kwanza, huamshwa na mahali, saa, harufu na watu: sufuria ikiteremshwa jikoni baada ya chakula cha mchana, jembe likiegemezwa mtini, kete za bao zikianza kugongana barazani, simu yenye habari mbaya, au rafiki akitoa sigara yake moja na kusema njoo tupige pafu mbili mbili. Ya kwanza haina dawa ila subira na, ikipatikana, dawa ya tabibu. Ya pili ndiyo inayowekewa mpango, na ndiyo inayowarudisha watu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wa kusini wanao ushahidi mikononi mwao ambao hawautumii. Mwislamu wa Newala aliyevuta tangu ujana wake, ambaye siku za kawaida hawezi kupitisha saa mbili bila ya kwenda kibandani, huvuta ya mwisho baada ya daku, husikia adhana ya alfajiri, na kuanzia hapo mpaka magharibi, saa 13 hivi, hagusi tumbaku. Naye hulima, huuza duka, huendesha bodaboda kati ya Newala na Masasi, akabishana na watu na kusamehe. Kichwa humuuma siku mbili tatu za mwanzo, hilo halina shaka. Lakini hamu ile ya ghafula, ambayo katika mwezi wa Shaabani ingalimwondoa katikati ya mazungumzo, katika Ramadhani humjia ikiwa dhaifu, na mara nyingi haimjii kabisa mpaka jua lielekee kuzama, ndipo inapompanda kwa nguvu zote, na wako wanaofuturu kwa tende moja na sigara.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Reuven Dar na wenzake huko Israeli walitangaza mwaka 2005 uchunguzi wao juu ya Wayahudi washika dini ambao huvuta siku zote ila siku ya Sabato, wakakuta kwamba uchu wao siku ya Sabato ulikuwa mdogo kuliko siku ya kazi waliyoombwa wasivute. Mwaka 2010 waliwachunguza wahudumu wa ndege wavutao sigara, katika safari fupi za saa chache na safari ndefu za kuvuka bahari, wakakuta kwamba uchu haukufuata saa zilizopita tangu sigara ya mwisho kama ulivyofuata ukaribu wa kutua: mhudumu wa safari fupi ndege ikikaribia uwanja aliteswa na uchu kuliko yule wa safari ndefu aliyekaa angani muda ule ule, ilhali damu zao zilikuwa zimepungukiwa sawasawa. Maana ya hayo ni kubwa. Uchu hufuata tumaini. Pale mlango ulipofungwa kwa hakika nafsi huacha kubisha hodi, na pale mlango ulipoachwa wazi hata kwa upana wa kidole, nafsi hukaa kizingitini.

Kwa hiyo mtu asemaye nitapunguza kidogo kidogo, au nitavuta siku za sikukuu tu, au nitaacha ila nikialikwa, anajiwekea magharibi nyingi katika mchana mmoja, akateseka kwa kila mojawapo. Uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa watu karibu 700, na kutangazwa mwaka 2016, uliwalinganisha walioacha mara moja kwa siku iliyotajwa na waliopunguza kwa majuma mawili kabla ya kuacha. Baada ya majuma manne waliokuwa bado hawajavuta walikuwa asilimia 49 katika kundi la kwanza na 39 katika la pili. Hizo ni hesabu za watu waliopewa dawa na ushauri, si za mtu aliye peke yake, lakini mwelekeo wake wakubaliana na yale tunayoyaona katika saumu.

Basi kwa nini Ramadhani haiwaponyi wavutaji wote? Kwa sababu mchana una mwisho, na mwili hupewa kila usiku kile ulichonyimwa mchana, hata ikawa kila alfajiri anaanza upya siku ya kwanza, asifike kamwe siku ya nne. Aliyekwisha kuwa na uwezo wa saa 13 amebakiwa na za usiku, na nyingi katika hizo ni za kulala. Akiufunga na usiku kuanzia mwezi mosi wa Ramadhani, kilele cha taabu kitakuwa kimempita kabla ya kumi la kwanza kwisha, na Idi itamkuta katika juma la tano. Wakristo wa Masasi, ambako Askofu Edward Steere aliwaweka watumwa walioachwa huru mwaka 1876 na ambako dayosisi ya Anglikana ilisimama mwaka 1926, wanayo Kwaresima yao ya siku 40, muda ulio mrefu wa kutosha kuvuka adha zote nilizozitaja. Lakini Kwaresima haina adhana ya kuufunga mlango kwa saa maalumu, na mtu huachiwa aseme mwenyewe ni nini atakachojinyima na kuanzia lini. Kwa hiyo anayeitumia na aseme kwa kinywa chake, mbele ya mtu anayemstahi, kwamba ni tumbaku, yote, kuanzia Jumatano ya Majivu, usiku na mchana.

Neno hilo la mtu anayemstahi si la kupita upesi. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa nchi hii wamehesabu ukoo kwa upande wa mama tangu zamani, na mjomba ni mtu ambaye neno lililosemwa mbele yake haliachwi kirahisi. Mtu akimwendea mjomba wake na kusema, mjomba, mimi tumbaku nimeiacha tangu leo, na ukinisikia nimerudi niite unihoji, amefanya jambo ambalo karatasi za nasaha haziwezi kulifanya. Marafiki wavutaji nao waambiwe mapema, wala si kwa kuwahubiria, maana aliyehubiriwa hulipiza kwa kumwekea mwenzake sigara mdomoni. Atosheke kuwaomba wasimpe hata akiomba.

Zibakiapo zile dakika chache za hamu kali, mikono na mdomo ndivyo vinavyodai kazi. Watu wa nchi nyingine huambiwa wanywe maji kila uchu unapowashika, na shauri hilo ni jema, ila juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa taabu ya vizazi na ndoo moja ina thamani yake, sithubutu kulitoa bila ya kusita. Mdomo una vitu vingine huku kwetu. Ming'oko iliyochemshwa, inayouzwa mabarabarani kwa mafungu, hutafunwa polepole na kumkalisha mtu muda zaidi ya ule ambao hamu hudumu; karanga na korosho za kukaanga hali kadhalika, na mswaki wa mti nao hutosha. Kwa mikono sijui kazi iliyo bora kuliko kubangua korosho. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, na mbanguaji mwenye hadhari hajigusi uso wala midomo mpaka amalize na kunawa. Mikono imeshughulika, macho yamefungwa juu ya kazi, na sigara haiwezi kupelekwa kinywani bila ya mtu kuinuka na kwenda kuosha, na kuinuka huko kwenyewe kunampa nafasi ya pili ya kufikiri.

Chai na kahawa zahitaji neno la peke yake. Moshi wa tumbaku huliharakisha ini katika kuiondoa kafeini mwilini, na mtu akiacha kuvuta, vikombe vile vile alivyovizoea humwachia kafeini nyingi zaidi katika damu. Akapata mapigo ya moyo, wasiwasi na kukosa usingizi, naye akadhani ni sigara anayoililia. Anayekunywa vikombe vitatu vya kahawa chungu kijiweni na anywe kimoja kwa majuma machache. Ama pombe, sina la kupunguza: uraka wa mabibo na nipa iliyokenekwa kutokana nayo humwondolea mtu ile akili aliyoufungia mlango, na glasi moja jioni ya siku ya tano hubomoa kazi ya siku nne.

Hilo latuleta kwenye majira. Korosho huvunwa tangu Septemba na Oktoba mpaka mwisho wa mwaka au Januari, na katika miezi hiyo minada ya vyama vikuu vya ushirika, TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na jirani zake, huingiza fedha mikononi mwa watu ambao kwa miezi mingi hawakuwa nazo. Ndio msimu wa pakiti nzima, wa mabibo, wa karamu za watoto waliotoka jandoni na wa marafiki wasiokubali mtu akatae. Katika miezi ya masika mvutaji huvuta kidogo kwa sababu hana kitu, naye huweza kudhani ameshaacha nusu. Huo ni ukosefu tu, na ukosefu hauufungi mlango, kwa kuwa tumaini la mnada lipo. Lakini ni wakati mzuri wa kuanza kwa makusudi, mwili ukiwa umekwisha kuzoea kidogo, ili msimu utakapofika miezi mingi iwe imepita. Kuanza katika juma la malipo ni kujitakia mashaka.

Dawa zipo. Jojo za nikotini na plasta za kubandika ngozini, ambazo huupa mwili nikotini bila ya moshi, ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, na vidonge vya bupropioni na vareniklini mwaka 2021. Zote huongeza nafasi ya kufaulu kwa kuipunguza ile taabu ya chini kwa chini. Lakini mkulima wa Newala asiijenge siku yake ya kuacha juu ya dawa ambayo hajaiona mezani pa mwuza dawa. Na aulize kwanza katika hospitali ya wilaya, au hospitali ya Mkomaindo, au ya Ndanda, na kama ana kifua kikuu au ameishi na mgonjwa wake, aulize bila ya kukawia, kwa sababu tumbaku huuzidisha ugonjwa huo. Ningependa sana kuona kila mganga wa zahanati akimwuliza kila mgonjwa kama anavuta, na akimwomba ataje siku ya kuacha. Ni maneno ya dakika tatu, nayo yamethibitishwa kuwaongeza wanaoacha.

Na aliyeteleza? Mtu aliyevuta moja katika arusi siku ya sita huamka siku ya saba akijiona amerudi mwanzo, na kwa kuwa amerudi mwanzo huona haya kumwambia mjomba wake, na kwa kuona haya hununua ya pili. Ile ya kwanza peke yake haikumrejesha utumwani. Kinachomrejesha ni ya pili na ya tatu, zinazovutwa kwa kukata tamaa. Asubuhi hiyo hiyo na amwambie mjomba, kisha waulizane mambo matatu: ilikuwa saa ngapi, nani aliyeitoa, na mkononi alikuwa ameshika nini. Ikiwa ni glasi ya uraka, basi arusi ya Jumamosi ijayo na ahudhurie chakula, awape mkono maarusi, na aondoke kabla ya vyombo vya pombe kutolewa nje.